Sikio la Ng'ombe wa Kwenye Tivii

Kwenye tuktuk ya kutoka Ngao kwenda Garsen, Ilham alikaa pembeni na begi la shule mapajani, akijifanya hasikii. Mwanasiti, mama wa Kipini asiyejua kunyamaza, alikuwa anaichambua drama ya mahakama iliyoonyeshwa jana kwenye tivii.

"Waongo wale, dada! Malishoni sikio la ng'ombe lenye alama ni la kushoto. Kufika mahakamani, picha yaonyesha la kulia! Na mwizi kafungwa kwa sikio hilo hilo."

Qabale, mfugaji wa Kiorma aliyekaa katikati, akacheka. "Mama, pengine sikio ni moja. Sisi tunafuata ng'ombe kwa nyuma, kushoto yake ni kushoto yetu. Ukisimama mbele, inageuka."

"Wawatetea? Na koti la wakili je? Laingia jeusi, latoka buluu!"

"Koti sijui mimi." Kicheko kikamkauka ghafla. "Mama, leo mimi ni shahidi, kesi ya kijana anayeshtakiwa kuiba ng'ombe. Polisi waliuliza ng'ombe aliyekuwa na yule kijana ana alama sikio gani. Nikasema kushoto. Ng'ombe aliyeibwa ana alama kushoto, basi kijana yuko rumande kwa hilo neno. Lakini siku ile ng'ombe alikuwa anakuja, mimi niko mbele. Kushoto niliyosema ni yangu, si yake."

Mwanasiti akamgeukia. Halafu, polepole: "Basi waambie hivyo."

"Nikigeuza, wakili atasema mimi muongo. Kama wewe umesema hao wa tivii."

Tuktuk ikasimama kwenye geti la mahakama. Qabale akashuka, akashika sikio lake moja, akaliachia, akashika la pili.