Kazi Haikuishia Mlangoni

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, kumi na minane katika ambulensi na kumi na minne wodini, Sista Nyevu Kitsao alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Tangu siku hiyo, suruali za wanaokuja kutazama wagonjwa katika hospitali yetu hapa Kisauni ziko salama. Nitaeleza.

Alianza mwaka 1990 katika kituo cha ambulensi, Changamwe. Huko alijifunza kula akiwa amesimama, kulala akiwa ameketi, na kukata kwa mkasi nguo za majeruhi kabla majeruhi hajamaliza kutaja jina lake.

Mwaka 2007 alimleta hapa kibarua wa kiwandani aitwaye Nzai, aliyekatwa paja na bati. Njia nzima alilikandamiza lile jeraha kwa mikono miwili. Kesho yake, siku ya mapumziko, alirudi kuuliza kama Nzai yu hai. Muuguzi mmoja, ambaye kwa heshima simtaji, alimjibu: “Dada, kazi yako imeishia mlangoni.” Hadi leo Sista hajui kama Nzai alipona.

Mwingine angesonya akaenda zake. Yeye, akiwa na miaka arobaini na mitatu, aliacha mshahara akajiunga na chuo cha uuguzi ili aupite mlango huo. Siku ya kwanza darasa zima lilisimama kumwamkia, likidhani ndiye mhadhiri. Aliitikia marahaba, akaketi safu ya nyuma.

Wiki yake ya kwanza wodini, bwana Musyoka, dereva wa lori kutoka Miritini, alikuja kumtazama shemeji yake, akajinyoosha kwenye kitanda kitupu, akasinzia. Sista aliona mtu hajitikisi. Kwa sekunde nne suruali ilikuwa imepasuliwa kutoka pindo hadi kiunoni. Musyoka aliamka akiuliza kosa lake. Alirudi Miritini amejifunga shuka la hospitali, na shuka hilo halijarejeshwa.

Nilipoajiriwa hapa, nikiwa na shahada ya uuguzi ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, nilimkuta ndiye msimamizi wa wodi, mwenye desturi ya kuwapigia simu watu wa ambulensi kuwaeleza hali ya kila mgonjwa waliyemleta. Niliipinga kwa waraka wa kurasa sita kuhusu siri za wagonjwa, wenye marejeo ishirini na moja. Aliusoma wote, jambo ambalo sikulitarajia, kisha akaniuliza: “Mwanangu, kati ya wasomi wako hawa, yupo aliyewahi kukabidhi mtu mahututi, akaenda nyumbani kula wali bila kujua?” Hakuwepo. Hata hivyo, siku hizi mgonjwa huombwa ridhaa kwanza, kwa fomu, na naomba historia ikumbuke fomu hiyo ni ya nani.

Siku yake ya mwisho aliletwa Fancy, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Shanzu, aliyegongwa na bodaboda. Sista alimpokea kwa mkasi wake ule ule. Alasiri alinikabidhi wodi, na Fancy wa kitanda cha saba alikuwa hajafumbua macho. Sista alisimama nje ya mlango, mkoba begani, kama mwaka 2007.

Sista, Jumapili nilikupigia kukwambia ameamka, ukakata simu kabla sijamaliza. Wewe unasema ni mtandao. Mimi sibishani, kwa mara ya kwanza. Mengine, kwa ridhaa yake (fomu ipo), ni haya: Jumatatu aliukashifu uji wetu, na jana alitoka kwa miguu yake, akipita mlango ule ule.

Asante kwa kutufundisha kuuliza. Maisha ya nyumbani kwako Kiembeni yawe marefu na matulivu, na chakula ukile umeketi. Ila simu usiizime: Fancy anamtafuta aliyelikata gauni lake, nasi tumempa namba yako.