Bi Glenda Haverkamp na Watu wa Mlango wa Mbele

Ijumaa ya tarehe 31 Mei, 2024, saa kumi na moja jioni, Bi Glenda Haverkamp atafunga droo ya meza ya kuazimia vitabu na kukabidhi funguo. Atakuwa ameitumikia Maktaba ya Chuo cha Marlow kwa miaka thelathini na minane na miezi tisa. Maprofesa walioanza kazi mwaka mmoja naye wameshastaafu wote. Mti uliopandwa mbele ya ngazi wiki aliyoajiriwa ulikatwa majira ya kuchipua yaliyopita kwa sababu ya uzee.

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike machache kwa kuwa nimekaa meza iliyo nyuma ya yake kwa miaka kumi na tisa. Bi Glenda naye ameniomba nisiandike lolote. Nimemtii mhariri.

Alikulia katika shamba la nguruwe, maili kumi na moja magharibi mwa mji wetu wa Marlow Grove. Marehemu baba yake, Mzee Orville Tiemann, alileta nguruwe mjini kwa miaka arobaini bila kukanyaga chuoni hata mara moja. Maprofesa aliwaita "wale wa kilimani," kwa sauti ileile aliyotumia kuitaja mvua ya mawe. Glenda alikua akijua kwamba kile kilima kina watu wake, na kwamba yeye si mmoja wao.

Mwaka 1985 kiwanda cha nyama alimokuwa akifanya kazi kilifungwa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na mumewe Dwayne, fundi wa matrekta, hakuwa na matrekta ya kutengeneza, maana mwaka ule wakulima wa Iowa walikuwa wakiuza mashine zao badala ya kuzitengeneza. Akasikia kuwa maktaba ya chuo hupokea magazeti ya Des Moines na Chicago yenye matangazo ya kazi. Akapanda kilima akiwa na buti zake za kiwandani, amejiandaa kufukuzwa.

Mkutubi mkuu wa enzi zile alikuwa Bi Edith Lundquist, mwanamke mrefu aliyeogopwa hata na rais wa chuo. Alimwacha asome magazeti siku tatu mfululizo. Siku ya nne akamjia.

"Unatafuta nini hasa, binti?"

"Kazi."

"Unaweza kupanga vitu kwa alfabeti?"

"Nilikuwa napanga mapaja ya nguruwe kwa uzito."

"Basi alfabeti haitakushinda. Vua koti."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yake ya kazi.

Aliyoyafanya tangu hapo hayaenei katika kurasa mbili. Wengi wanamkumbuka kwa popo wa mwaka 1998, aliyeingia ukumbi wa kusomea wiki ya mitihani. Profesa wa mantiki alipanda juu ya meza na kugoma kushuka. Bi Glenda alikwenda jikoni kwenye bwalo la wanafunzi, akarudi na sufuria ya supu na ubao wa kukatia mkate, akamfunika popo, akamtoa nje, kisha akamgeukia yule msomi: "Ameshaondoka, Profesa. Sasa shuka, hiyo meza ni ya mwaloni wa mwaka 1911."

Mimi namkumbuka zaidi kwa Verl Gunderson. Verl ni mfugaji wa kaskazini mwa mji. Asubuhi moja ya Machi aliingia na kofia mkononi, macho mekundu. Vitoto vya nguruwe vilikuwa vinamfia, kumi, kumi na viwili kwa siku, na daktari wa mifugo alikuwa amelazwa. Aliomba kitabu chochote. Bi Glenda hakwenda kwenye rafu. Alimshika mkono wa koti akamvuta hadi kona ya mashariki, alikokuwa akisoma Profesa Thaddeus Brill wa biolojia, mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumkatiza.

"Profesa, huyu ni Verl. Nguruwe wake wanakufa na wewe unasoma tu."

Brill alimwangalia, akamwangalia Verl, akafunga kitabu. Mchana huo walikuwa wamepiga magoti wote wawili ndani ya banda, profesa akiwa amevaa buti za kuazima. Hawakuviokoa vyote, ila waliviokoa vya kutosha hata Verl akabaki na shamba lake. Mpaka leo, kila Desemba, mke wa Brill hupokea paja la nguruwe lililofungwa kwa gazeti. Nimeishi katika miji mikubwa miwili kabla ya kuja hapa. Kule kulikuwa na wafugaji na kulikuwa na wanabiolojia. Sikuwahi kuona mtu aliyewajua wote wawili kwa majina.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Bi Glenda angependa niliruke.

Vuli ya mwaka 2011 kompyuta tatu ziliibwa maktabani pamoja na ramani ya zamani ya jimbo. Mwizi hakupatikana. Makamu wa Rais wa Utawala wakati huo, Bwana Gregory Thayer, hakuwa amemaliza mwaka tangu atoke mashariki. Alituita wafanyakazi wote kumi na wawili na kutangaza kuwa kuanzia Desemba mosi hataingia mtu asiye na kitambulisho cha chuo. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali, kwa namna ambayo watu huuliza wasipotaka kuulizwa.

"Mimi ninalo," alisema Bi Glenda. "Leland Kuhlmann nimwambie nini?"

"Ni mhadhiri?"

"Alikuwa anasambaza barua. Miaka thelathini. Anakaa pale dirishani."

"Mwambie utaratibu umebadilika."

"Mkewe alifariki mwezi wa sita, Bwana Thayer. Pale dirishani ndipo anapokwenda baada ya kuamka."

"Sisi ni chuo, Bi Haverkamp. Hatuwezi kuwa sebule ya mji."

"Kwa nini tusiwe?"

Thayer alitutazama sisi kumi na mmoja, akitafuta kama kuna mwingine. Nasi tukavitazama viatu vyetu. Vyangu vilikuwa vya kahawia, navikumbuka vizuri, kwa sababu nilivikagua muda mrefu.

Ili muelewe alichokuwa akikiweka rehani, lazima niseme kwamba Oktoba ileile Dwayne alikuwa amepasuliwa moyo. Alikuwa nyumbani, hawezi kuinua hata spana, na bima yake ya matibabu ilitokana na ajira ya mkewe. Bi Glenda alilijua hilo kuliko sisi sote.

Desemba mosi ikafika, baridi ikiwa nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Bi Glenda akakaa mezani pake na hakumzuia mtu yeyote. Leland aliingia, akavua glovu, akakaa dirishani. Baada ya wiki moja ikaja barua ya onyo. Baada ya wiki mbili ikaja ya pili, ikieleza kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho. Niliiona mikononi mwake. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kama mwoga anavyotoa ushauri, "Glenda, fikiria Dwayne."

"Nimemuuliza," akasema. "Kasema nikirudi nyumbani nimemfukuza Leland, atakwenda kulala kwa dada yake."

Siku ya pili yake alipanda ghorofa ya juu ya jengo la utawala bila miadi. Hakubeba malalamiko wala saini za watu. Alichomwambia Bwana Thayer nakijua kwa sababu baadaye Thayer mwenyewe alinisimulia: "Njoo ukae mezani kwangu Jumanne. Kutwa nzima, tangu nikifungua mpaka nikifunga. Ukishakaa, jioni uniambie nani nimtoe, nami nitamtoa mbele yako. Ukisema wote, nitawatoa wote na kuacha kazi."

Na Thayer, nampa sifa zake, akaja.

Jumanne ile baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Bi Glenda alimpa kiti cha pembeni na kikombe cha kahawa, wala hakumhubiria. Saa mbili na nusu akaingia Leland. Saa tatu akaja mama mmoja kijana na watoto wawili. Tanuri ya kupasha joto nyumba yao ilikuwa imeharibika tangu usiku, nao wakakaa karibu na bomba la joto wakitazama vitabu vya ndege. Baada ya chakula cha mchana akaja msichana wa mwaka wa tatu, mwanafunzi wetu halali mwenye kitambulisho, amekwama kwenye insha juu ya barua za wanajeshi na hajui zilifikaje kutoka vitani hadi mashambani. Bi Glenda akamwonyesha dirishani kwa kidole.

Leland, aliyejifunza kazi kwa wazee waliopanga barua ndani ya treni za usiku, alizungumza kwa saa mbili. Alichora reli kwenye karatasi. Alieleza jinsi makarani walivyokariri majina ya vituo mia tano, na jinsi mjomba wake alivyokuwa akiitambua barua ya jeshi kwa wembamba wake na kuipeleka kabla ya nyingine zote, akitembea, kwa sababu farasi alikuwa mgonjwa. Msichana aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Thayer akasimama, akampelekea yake.

Jioni, taa zilipoanza kuzimwa, Bi Glenda akamuuliza: "Haya. Nimtoe nani?"

Thayer alikiweka kikombe chake mezani. "Na kompyuta zilizoibwa?"

"Ziliibwa. Watu huiba, Bwana Thayer. Weka kamera. Lakini hawa uliowaona leo hawakuiba."

Amri ilifutwa kabla ya Krismasi. Mpaka leo watu wa mjini huandika majina yao kwenye daftari mlangoni, na kamera zipo. Thayer hakuomba radhi hadharani, na zile barua mbili za onyo hazikuondolewa kwenye faili. Mwezi uliopita ofisi ya utumishi ilijitolea kuzichana kabla ya kustaafu kwake. Akawakatalia: "Ziacheni hapo. Katika karatasi zote mlizoniandikia, hizo ndizo nilizozitolea jasho."

Nimewahi kumuuliza Thayer, ambaye sasa ni mstaafu wa mji huu huu, ni nini hasa kilichombadilisha. Nilitarajia aseme ile Jumanne. Akasema haikuwa hiyo Jumanne tu. Ilikuwa Jumamosi iliyotangulia, dukani, alipojikuta kwenye foleni nyuma ya Leland Kuhlmann, na Leland akageuka akamwambia kuna kikapu cha machungwa mazuri zaidi kule nyuma, akimbilie kabla hayajaisha. Hapa huwezi kumfungia mtu mlango Ijumaa na Jumamosi usikutane naye kwenye machungwa. Kwa wengine hiyo ni kero ya mji mdogo. Kwangu mimi ndiyo sababu ya kwanza ya kuupenda.

Dwayne alipona, akaishi miaka saba zaidi. Alipofariki mwaka 2018, waliobeba jeneza walikuwa Verl Gunderson, Profesa Brill, makocha wawili wa mieleka, Leland, na mimi. Kanisani mlikuwa na mabuti ya shambani na makoti ya sufu kwenye benchi moja, na baadaye pai kumi na tisa mezani.

Tangu wakati huo binti yake Kristin, anayeishi Arizona, amekuwa akimsihi ahamie kwake. Kule hakuna theluji, na chumba kipo tayari. Machi mwaka huu Bi Glenda alikwenda kukijaribu, akakaa wiki mbili, akarudi. Tulimuuliza kulikoni.

"Pazuri," alisema. "Jua kila siku. Watu wa rika langu wako tele, wote tunazungumzia magoti. Nikamwambia Kristin, mwanangu, mimi nimezoea kitu kingine. Kila Juni mji unakuwa kimya mpaka unasikia mahindi yanavyokua. Unaupumzisha moyo. Halafu Agosti wanarudi, wana miaka kumi na minane, hawajui kufua, hawajui maktaba iko wapi, na wanataka kujua kila kitu. Mimi nazeeka, wao hawazeeki. Nitakipata wapi tena?"

Kristin alilia kidogo kwenye simu, kisha akakubali, kwa sharti kwamba mama yake asipande ngazi kuondoa theluji kwenye paa. Majirani wa Mtaa wa Mulberry wameshagawana zamu.

Basi, habari kwa wote: Bi Glenda haendi kokote. Wakazi waliotimiza miaka sitini huruhusiwa kuhudhuria masomo chuoni bila mtihani, naye ameshajiandikisha somo lake la kwanza, elimu ya nyota. Anasema amekuwa akiziona tangu utotoni kutoka uani kwao, zimejaa mpaka juu ya mabanda, na hajui jina la hata moja. Profesa wa somo hilo amekiri kuwa ana wasiwasi, kwa kuwa anadaiwa vitabu sita vya maktaba.

Tafrija itafanyika Ijumaa saa tisa alasiri katika ukumbi wa kusomea. Msilete zawadi. Mletao chakula andikeni majina chini ya bakuli zenu.

Bi Glenda, umetufanyia kazi, na umetuvumilia tulipoangalia viatu. Asante kwa yote mawili. Tunakuombea magoti imara, usingizi mnono asubuhi za Jumatatu, na kiti cha mbele darasani. Na Septemba hii, usiku wa somo la kwanza, mbingu za Marlow Grove ziwe safi kutoka upande mmoja wa mashamba hadi mwingine.

Curtis Wieland
Idara ya Uorodheshaji