Jaji Coral Aliposema "Mjomba" Mahakamani

Ndugu, majirani, na nyinyi mawakili mliotoka Sydney na viatu visivyolijua vumbi letu: anayewasomea wasifu huu ni Clarrie Tighe, kaka mdogo wa mama wa marehemu. Familia ilitaka asome mtu mwenye elimu kubwa. Nikawaambia mwenye elimu kubwa kuliko sote ndiye tunayemzika, kwa hiyo mtaridhika na mimi.

Jaji Coral Jean Wightman alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, katika kambi ya Narrabilla, ukingoni mwa Mto Barwon, akiwa mtoto wa tatu wa Walter na Ivy. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nikatumwa mbio kumwita mkunga, na siku zote nimesema kwamba bila miguu yangu nchi ingekosa jaji. Dada yangu Ivy naye alikuwa akisema nilifika mtoto ameshanyonya mara mbili.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1964. Mlangoni pa duka la misheni palikuwa na tangazo la serikali, nasi wakubwa tulilipita kila siku kama tunavyopita mbwa aliyelala. Coral, akiwa na miaka kumi, alisimama akawasomea wazee kwa sauti: nyama ya mgawo ni kila wiki. Sisi tulikuwa tukipewa kila wiki ya pili. Meneja wa misheni akatoka.

"Umesoma vibaya, wewe mtoto."

"Basi soma wewe, bwana, tusikie."

Nyama ikaanza kuja kila wiki. Tangazo likaondolewa, lakini tumbo lilikuwa limeshalihifadhi.

Alimaliza sekondari mwaka 1970, akawa mpiga chapa katika ofisi ya msaada wa sheria kwa watu wetu, wenyeji wa asili wa Australia. Alichapa barua za mawakili miaka miwili kisha akaanza kuwasahihisha. Wakaona nafuu wamsaidie kuomba nafasi chuo kikuu. Alihitimu sheria Sydney mwaka 1981, akawa wakili, na tarehe 5 Februari 1996 akaapishwa kuwa jaji, mwanamke wa kwanza wa mto wetu kukalia kiti hicho. Siku hiyo nilivaa suti ya kuazima. Nilipendeza kuliko gavana, na picha zipo.

Katikati ya vitabu hivyo, tarehe 14 Mei 1977, aliolewa na Desmond Murray, mkata manyoya ya kondoo, mtu mpole aliyeweza kukaa siku nzima bila neno. Watu walisema wasomi hawaolewi na wakata manyoya. Coral akajibu, "Kazini nasikiliza watu kutwa. Nyumbani nataka wa kunisikiliza mimi." Des alitangulia mwaka 2014.

Sasa nifike kwa Reggie Doolan, maana msiposikia hili mtakuwa mmemzika mtu mwingine.

Agosti 1998 Mzee Reggie, mwenye miaka sitini na nane na kifua kibovu, alishtakiwa kuchoma banda la nyasi kavu la mkulima wa jirani. Polisi walikuwa na karatasi yenye maswali hamsini na matatu, na Reggie alikuwa amejibu yote "ndiyo". Kwetu mwenye kofia ya serikali akikuuliza, unamjibu ndiyo ili aende zake. Hiyo ni ndiyo ya adabu. Ya kweli ni nyingine. Akifungwa, Reggie asingetoka hai, na kila mtu pale alilijua hilo. Waandishi wa habari nao walijaa kuona kama jaji mweusi atambeba mweusi mwenzake.

Mwendesha mashtaka akauliza, Reggie akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ndipo Coral akainama mbele.

"Mzee Doolan, nami nina swali. Mwaka jana, wewe ndiye yule farasi aliyeshinda Kombe la Melbourne?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Coral hakucheka. Akauliza taratibu, "Jumamosi ile banda lilipoungua, ulikuwa wapi?"

Reggie akanyamaza. Dakika moja, mbili, nne. Mwendesha mashtaka akasimama kulalamika.

"Kaa, bwana," Coral akasema. "Mzee bado anajibu."

Nami nilikuwa nimekaa nyuma, mstari wa mwisho, nikijua jibu. Reggie alikuwa ananyamaza kwa ajili yangu, na hakugeuka hata mara moja kunitazama. Bora angenitukana. Nikasimama.

"Alikuwa na mimi, bondeni, maili kumi na mbili kutoka kwenye moto. Tulikuwa tunakula kondoo."

"Kondoo wa nani?" mwendesha mashtaka akadakia.

"Hatukumuuliza."

"Mjomba, kaa chini," jaji akasema.

Lilimtoka tu, mabibi na mabwana. Angeweza kusema "bwana Tighe". Akavua miwani, akafunga faili. "Mahakama imesikia nilivyomwita. Huyu ni kaka wa mama yangu. Kesi hii haiwezi kuendelea mbele yangu." Akaiacha mikononi mwa jaji mwingine kesi ambayo nchi nzima ilikuwa ikimtazama ataimalizaje.

Nilimfuata nje nikiwa mdogo kama kidole. "Ungeniita bwana, nani angejua?"

"Ungejua wewe," akasema. "Ungenisimanga nalo miaka thelathini, kila ukitaka chai."

Nikaenda polisi kwa miguu yangu kukiri wizi wa yule kondoo. Mwezi Novemba mashtaka ya Reggie yalifutwa. Akaishi miaka tisa zaidi, akilalamika kuhusu kila kitu. Mimi nilipewa adhabu ya saa mia moja za kufyeka makaburi haya tuliyomo. Naye Coral akaitwa kuwafundisha majaji wapya habari za ndiyo mbili na ukimya mmoja, hadi alipostaafu mwaka 2023.

Figo zilimsumbua tangu mwaka 2019. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwasuluhisha wauguzi waliogombania zamu. Aprili mwaka huu nilimpelekea mkia wa kangaruu, daktari akiwa kakataza.

"Coral, siku ile ya Reggie nisingesimama, ungefanyaje?"

"Ningengoja."

"Mpaka lini?"

"Wewe ni mjomba wangu. Siku zote unachelewa, lakini hukosi kuja."

Alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi upande wa mto, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha binti yake Yvonne, mwanawe Lionel, wajukuu watano, kitukuu mmoja, dada yake Beryl, na mjomba mmoja aliyezoea kuitwa hivyo naye, na ambaye leo haelewi nani atamwambia akae chini.

Mapumziko yake yawe mema, na amani isimtoke. Sasa simameni wote, kama mahakamani, hata wenye magoti mabovu. Jaji anatoka.