Dorkas Mathayo Kitundu, Aliyesomea Kulinda Siri za Watu

Wazee wetu, shikamooni. Wachungaji, majirani wa Mandewa, na ndugu mliotoka Misigiri na Itigi, poleni kwa msiba. Marehemu mwenyewe aliagiza haya yasomwe na mimi, Benson, mtoto wa shangazi yake na mtani wake, kwa sababu mtani hawezi kumpamba mtu kuliko alivyokuwa. Basi tumsikilize alivyokuwa.

Dorkas alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1974 kijijini Misigiri, wilaya ya Iramba, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Mathayo Kitundu na Mama Jenifa. Mama anasema alitoka amekunja ngumi, na waliokuwepo wakasema huyu atakuwa mchoyo. Walikosea sana. Hakuweza kula karanga peke yake, na habari akishazisikia yeye, kijiji kizima kimezisikia.

Alisoma Shule ya Msingi Misigiri kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1993. Hesabu ilimpiga chini, tusidanganyane mbele ya jeneza. Mwaka uliofuata alikwenda Singida mjini kujifunza kupiga chapa. Biashara zilishaachiwa huru, maduka yanaleta kila kitu kipya, na mara kompyuta zikaingia. Mashine za chapa zikawekwa stoo kabla vidole vya Dorkas havijapona. Akaanza upya kwenye kompyuta, na huko hakutoka tena.

Tarehe 24 Julai 1999 alifunga ndoa na Ignas Alute, fundi redio, mtoto wa mfanyakazi wa reli wa Itigi. Ignas alikuwa amekuja Misigiri mara kadhaa kutengeneza redio ya Mzee Mathayo, na redio yenyewe haikuwa mbovu. Mwishowe Mzee akamwuliza kama amefuata redio au amefuata mtu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Rahel na Nathan.

Mwaka 2002 walifungua duka la intaneti hapa Mandewa. Wengi wetu hatukujua hata pa kubonyeza. Huku kwetu ukisafiri unamwachia jirani ufunguo wa nyumba, na ndivyo tulivyomwachia Dorkas barua pepe zetu. Yeye ndiye aliyetufungulia, akatuandikia, akatusomea majibu, na neno la siri akalitunza yeye. Na ili asichanganyikiwe, wateja wote akatupa neno moja: Misigiri. Mtaa mzima ufunguo mmoja, na tulimsifu kwa akili hiyo.

Machi 2005 kijana mmoja mteja, aliyekuwa akimwangalia Dorkas vidole akibonyeza, aliingia kwenye barua za Mama Urbano, jirani yetu anayeuza kuku. Akamwandikia Urbano, aliyekuwa fundi umeme Mwanza, kwamba mama yake hatunaye, na rambirambi zitumwe kwa vocha za simu. Urbano akatuma vocha, akapanda basi na mkewe. Waliingia uani wanalia kwa sauti, wakamkuta mama yao amekaa kwenye kigoda ananyonyoa jogoo.

Akawauliza, "Mnamlilia nani, baba?"

Urbano alikaa chini kwenye manyoya. Sisi majirani tulicheka wiki nzima. Mama Urbano hakucheka. Kwake kuliliwa na mtoto wako wa kumzaa ukiwa mzima ni mkosi. Kijana alishatoroka, basi mama huyo akaja dukani kwa Dorkas.

"Nilikuachia ufunguo, wewe ukauacha mlangoni," alimwambia. "Mwanangu amenizika. Hapa sikanyagi tena."

Dorkas alikwenda kuomba radhi, akiwa na mdogo wake Dina na khanga mpya. Khanga ilirudi nao. Kuanzia siku hiyo wakikutana njiani Dorkas alisema shikamoo, Mama Urbano akaitikia marahaba akiangalia pembeni, basi. Waliomjua Dorkas wanajua jinsi marahaba ile ilivyomkondesha.

Ndipo akaamua kusoma. Mwaka 2006 alianza cheti cha kompyuta katika chuo kimoja Dodoma, kisha akaingia diploma ya usalama wa mitandao. Ijumaa alipanda basi kwenda, Jumapili anarudi, Jumatatu yuko dukani. Darasani alikuta vijana wa kumwita mama. Siku ya kwanza ya diploma mwalimu aliuliza kila mmoja kilichomleta. Mmoja akasema anataka kazi benki, mwingine anataka kukamata wezi wa Ulaya. Ilipofika zamu yake Dorkas alisema, "Mimi nimeua mtu na bado yuko hai." Hakuna aliyecheka.

Ile hesabu ya sekondari ilimfuata mpaka chuoni, akafeli somo la mitandao, akalirudia. Alichokipata, alisema, ni kwamba mwizi haanzi na mashine, anaanza na mazoea ya watu. Akarudi kutubadilisha. Kila mteja akaambiwa atafute neno lake mwenyewe. Mzee Filipo alilalamika kwamba mtoto huyu amesoma mpaka amekuwa mchoyo, akamwuliza akilisahau itakuwaje.

"Tutaanza upya, mzee," Dorkas alimjibu. "Lakini mimi sitalijua."

Mwishoni mwa mwaka 2010 aligundulika na saratani ya titi. Alitibiwa hapa Singida, akapelekwa Dar es Salaam, nywele zikaisha. Tulimwambia aache shule. Alifanya mtihani wa mwisho amefunga kitambaa kichwani, na Novemba 2011 akapokea diploma yake, Ignas amemshika mkono. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa.

Mwezi uliopita, Dorkas akiwa amelazwa, Mama Urbano alifika wodini na chupa ya uji. Dorkas akamwamkia kitandani.

"Marahaba, mwanangu," Mama Urbano alisema, na safari hii alimwangalia usoni.

Akatoa simu mpya mfukoni. Akasema Urbano amemnunulia, nayo inataka namba ya siri. Wajukuu wote wanataka kumchagulia, amewakatalia, amekuja kwake. Dorkas akamwelekeza kwa sauti ndogo pa kubonyeza. Kisha akamwomba Ignas amgeuze. Ubavu wa kulalia upande huo ulikuwa unamuuma, haugusiki, lakini alisisitiza, mpaka akauelekea ukuta.

"Weka, mama. Mimi sitazami."

Mama Urbano alibonyeza polepole, namba moja, akajifuta macho, nyingine. Dorkas alivumilia vile vile. Alipoambiwa tayari, Ignas akamgeuza, na Mama Urbano akamnywesha uji.

Dorkas aliaga dunia asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Juni 2012, akiwa na miaka thelathini na saba.

Ameacha mume, Ignas. Watoto, Rahel na Nathan. Wazazi wake, Mzee Mathayo na Mama Jenifa. Na ndugu wanne, akiwemo Dina. Mama Urbano amekuja jana kuomba aandikwe pamoja na wafiwa. Ameandikwa.

Mungu aliyetupa Dorkas ampokee, na amlaze mahali penye amani.