Fundi Kurasa, Mtumiaji wa Mwisho wa Pambizo

Marehemu, ambaye wengi mlimfahamu kama Fundi Kurasa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Aliyemfuata ni dada yake, ndiye anayesoma maneno haya, na anaomba mumvumilie.

Alimaliza sekondari mwaka 1977. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, lakini gazeti la ukutani la shule alilipanga yeye kwa rula, na ole wake aliyebandika picha ikaenda upande.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika duka la uchapaji, akakaa hapo hadi kustaafu mwaka 2019. Mwaka 2001 ndipo alipokutana na Pambizo, programu ya kompyuta ya kupangia kurasa. Haikuwa na mwenyewe: ilitengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika dunia nzima, ikatolewa bure, na yeyote mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Fundi Kurasa ndiye aliyeitia Kiswahili, neno kwa neno, kila jioni baada ya kazi. Baraza lao la mtandaoni halikukaukiwa watu, wakiulizana na kutaniana utadhani wamekua pamoja. Hakuwahi kumwona hata mmoja wao uso kwa uso, lakini aliwaita "wenzangu".

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1987 na muuguzi, wakajaliwa binti mmoja. Wifi alikuwa na maneno huyo! "Wifi," alimwambia anayesoma haya, "kaka yako kaniletea mke mwenza, tena wa kwenye kioo." Akacheka, akaenda kumwekea mumewe chai karibu na kibodi. Wifi alitangulia mbele ya haki mwaka 2012. Binti alikuwa ameshakwenda kufanya kazi ng'ambo, na hupiga simu kila Jumapili.

Mwaka 2016 wakuu wa Pambizo walitangaza kwamba wamechoka, hakutakuwa na toleo jingine. Wenzake wakahamia kwenye programu mpya mmoja mmoja, wengine bila hata kuaga. Yeye akabaki. Dada alipomsihi naye ahame, alijibu, "Nikihama mimi, anayekuja kuuliza atamkuta nani?" Basi kila asubuhi aliingia barazani kuangalia kama kuna swali. Na maswali yalikuwapo. Mwalimu mmoja aliuliza mara kwa mara, naye alimjibu kwa kirefu na kwa heshima zote. Dada alifurahi kwamba angalau kaka ana mtu wa kupiga naye gumzo.

Februari mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua, akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa. Siku moja wodini dada alimtania: sasa nani atamjibu mwalimu wake? Kaka akageukia ukuta.

"Mwalimu ni mimi," akasema. "Nauliza, halafu najibu. Baraza likikaa kimya mno wataliondoa. Na nilishazoea kuulizwa, dada."

Neno hilo lilimchoma dada, na linamchoma hadi sasa. Miaka yote hiyo, mtu mzima, peke yake sebuleni, akijipigia hodi na kujikaribisha mwenyewe.

Kesho yake dada alimpelekea kompyuta, akaiweka juu ya blanketi. Yeye na kompyuta walikuwa mbalimbali. "Kaka, nifundishe. Naanzia wapi?" Kaka akakaa wima, jambo ambalo manesi walikuwa wamembembeleza bila mafanikio. "Kwanza fungua ukurasa mpya. Usiwe na papara. Umeuona? Sasa acha nafasi pembeni, msomaji apate pa kushika." Wakaendelea hivyo kila saa ya kuona wagonjwa, mwalimu akiwa mkali kwelikweli. Walikuwa hawajafika kwenye picha alipofariki, alfajiri ya tarehe 9 Septemba.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili na dada.

Kijitabu hiki dada amekipanga kwa Pambizo, kwa mkono wake mwenyewe. Mtaona hakina picha ya marehemu. Aliuliza barazani namna ya kuiweka, na mpaka tunakwenda mitamboni hakuna aliyemjibu.

Kaka, pumzika kwa amani.