Dobi Aliyeujua Mto

Wasikilizaji wapendwa, karibuni kwenye kipindi chetu cha kumbukumbu. Leo tunamzungumzia mama aliyeniwezesha kuwa hapa nikizungumza nanyi. Mtaani tulimwita Mama Vipimo. Alikuwa dobi. Narudia, alikuwa dobi, na akiwa na miaka hamsini na moja alijifunza kutengeneza modeli ya mto.

Modeli ni nini? Ni mto mdogo wa hesabu ndani ya kompyuta. Unauambia mvua imenyesha kiasi gani, nao unakuambia maji yatapanda mpaka wapi.

Tulisoma naye darasa moja la jioni la kompyuta na vipimo vya mto, katika chumba cha juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Siku ya kwanza alikishika kipanya cha kompyuta kama kipande cha sabuni, akakisugua mezani kwa nguvu zote. Mwalimu wetu, mtaalamu wa maji, akamwambia, "Mama, taratibu. Hakina doa hicho." Tulicheka mpaka machozi. Yeye alicheka kuliko sisi.

Miezi minane baadaye modeli yake ilikamilika. Ikasema mto utaingia majumbani. Mtaa mzima tukabeba magodoro hadi shuleni, kule mlimani. Tukangoja. Maji hayakuja.

Binti yake, ambaye ni mshonaji, ndiye aliyegundua kisa. "Kipimamvua alikiweka uani, chini ya kamba ya nguo," ananisimulia. "Nikamwambia, mama wewe, mashuka ya watu yanadondokea humo!"

Wasikilizaji, dobi wa watu alikuwa amepima maji ya mashuka. Kejeli zikaanza. Akipita tu: "Mama Gharika, leo tuanike au tuhame?" Wateja nao wakamtania. Mwalimu hakumtania. Alimwambia, "Modeli yako haina ubaya, mama. Imekula ulichoilisha."

Basi akaanza upya. Kipimamvua akakihamishia uwanjani, peupe. Akachora alama kwenye nguzo ya daraja. Mwalimu akawa anampigia simu kila siku kumpa vipimo vya mvua ya milimani, mto unakotoka. Na kila asubuhi, kabla ya kuloweka nguo, akawa anaandika kwa chaki kwenye ukuta wa zahanati safu mbili. Ya kwanza: Modeli imesema. Ya pili: Mto umesema. Zikipishana, aliandika hivyo hivyo.

"Nilimwambia, mama, unajiaibisha bure," anasema binti yake. "Akanijibu, waache waone, mwanangu. Asiyeniona nikikosea ataniaminije nikipatia?"

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Mto ungekuja siku moja, hilo alilijua. Hakujua kama tungemwamini tena.

Siku hiyo ilifika. Saa kumi na mbili asubuhi aliingia zahanati, wodi ya wazazi, na karatasi mkononi. Tulikuwa kina mama wanane na vichanga wetu. Mimi nilikuwa na mwanangu wa siku mbili.

"Saa nne maji yatakuwa humu ndani," akasema.

Muuguzi mkuu akachungulia dirishani. Jua, anga jeupe. "Mama Vipimo, au ni mashuka tena?"

"Imenyesha milimani usiku kucha, dada. Mashuka yangu hayafiki huko."

Muuguzi akatoka nje. Tukamsikia akisoma ukuta kwa sauti, mstari baada ya mstari. Kwa wiki kumi na moja safu zile mbili zilikuwa zikienda sambamba. Akarudi, akanigeukia mimi. "Wewe umesoma naye. Tumwamini?"

Nilimkumbatia mtoto, nikavaa ndala zangu. Wenzangu nao wakavaa, tukapanda wote hadi shuleni.

Saa nne kasoro robo mto uliingia wodini, ukafunika miguu ya vitanda. Narudia, vitanda vilikuwa vitupu. Hakufa mama, hakufa mtoto. Juu shuleni watu walitaka kumbeba mabegani. Yeye alikuwa anatazama saa ya ukutani kwa hasira. "Imekosea robo saa," akanong'ona. "Niacheni nikairekebishe."

Huyo ndiye Mama Vipimo. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua miezi mitatu. Mwanangu ana miaka minne sasa, na ananisumbua kwa maswali kutwa.

Kwa binti yake, kwa wajukuu, kwa mwalimu, na kwa kila aliyefuliwa nguo na mikono ile: poleni sana. Tunalia nanyi, na tunamjivunia pamoja nanyi.

Nawe unayenisikiliza, huenda uko jikoni, huenda unanyonyesha, na unadhani wakati wako wa kujifunza umepita. Mkumbuke mama huyu. Halafu jiulize jambo moja usiku wa leo: mara ya mwisho ulipokosea, ulimwonyesha nani?