Bwana Nusu Anatoka Dirishani

Mmeadimika nyie! Ukumbi wa sinema ni wenu, lakini mnaupita kama nyumba ya jirani mliyegombana naye. Wengine mara ya mwisho mimi kufagia chini ya miguu yenu, viti vilikuwa bado vya mbao. Leo mmekuja kwa sababu mmesikia kuna soda ya bure. Haya, kaeni. Mimi kusoma sikusoma. Mjukuu wangu ameandika nilivyomwambia, ndiye anayewasomea, na nimemkataza kunisafishia maneno.

Mkata tiketi wetu, ambaye mji mzima humwita Bwana Nusu, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alianza kwa kubeba mikebe ya filamu, ndipo akapewa dirisha, na hakuliacha tena. Mashine ya tiketi ilipoletwa, aliitazama wiki nzima kama mkwe asiyemwelewa. Wiki ya pili ilikuwa inamtii.

Jina la Nusu limetokana na Jumatano mchana, siku ambayo watoto na waliofika miaka sitini hulipa nusu bei. Sheria inataka kitambulisho. Mzee akisahau chake, Bwana Nusu humwuliza swali moja tu: mjukuu wako wa kwanza ana umri gani? Anayejibu papo hapo hupata nusu. Anayetafuta jibu darini hulipa nzima.

Kukosea amekosea mara moja, na ni kwangu. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, nimembeba mjukuu wa dada yangu. Akauliza, nikajibu upesi, naye akanikatia tiketi ya wazee! Nilimsema mpaka foleni ikasahau filamu. Aliomba radhi, akangoja nipoe, kisha akanidokeza kwamba wanatafuta mfagiaji. Nipo mpaka leo.

Mwaka juzi meneja alitaka kulifuta punguzo. Bwana Nusu hakubishana naye. Alimwomba tu akae dirishani Jumatano moja, bei nzima ikiwa imebandikwa. Meneja akamwona baba mmoja akisoma ubao, akihesabu wanawe kwa kidole, kisha akiwaambia kwamba tiketi zimekwisha. Wapi! Ukumbi ulikuwa mtupu. Meneja alitoka mbio, akawadaka kwenye ngazi na kuwarudisha ndani. Punguzo likabaki. Siku hiyo nilijivunia Bwana Nusu kama niliyemnyonyesha.

Sasa sikilizeni. Meneja amesema wazi: Bwana Nusu akiondoka, punguzo litapewa miezi mitatu ya kujaribiwa. Jumatano zikiwa tupu, basi. Kazi ya miaka yote hiyo iko kwenye makalio yenu, myakalishe humu vitini au mkae nayo nyumbani.

Bwana Nusu, ahsante. Miaka thelathini na mmoja umezisikia filamu kupitia ukutani. Sasa kazione, mwanzo mpaka mwisho, mgongo umeegemea. Uishi mpaka uchoke wewe, maisha yasikuchoke.

Nanyi wengine, Jumatano ya kwanza akishastaafu, saa nane mchana, njooni na watoto. Mtamkuta kwenye foleni, upande wenu wa kioo. Sitini ameshafika, lakini namjua kwa kiburi: atadai bei nzima na kusema kitambulisho amekisahau. Utakayekuwa nyuma yake, paza sauti mkata tiketi mpya asikie: mwulize mjukuu wake wa kwanza ana umri gani.